Ukuta wa mawe, wa rangi ya mawe, au uliopakwa mawe?

SWALI: Mwalimu, mimi ni fundi wa rangi hapa Nakuru. Siku hizi wateja wanataka ukuta wa sebule uonekane kama wa mawe au marumaru, na kazi hiyo naifanya kwa rangi tupu. Kwenye makadirio niliandika "ukuta wa mawe", mteja akadai mawe. Nikabadilisha, nikaandika "ukuta wa rangi ya mawe", mwingine akasema alitegemea rangi moja. Ndugu yangu ananishauri niandike "ukuta uliopakwa mawe". Lipi sahihi?

JIBU: Fundi, wateja wako wote wawili walisoma sawasawa. A-unganifu (yaani "wa", "ya", "cha" na nduguze) ikifuatwa na jina la kitu cha kujengea au kuundia hutaja kile kilichotumika: meza ya mbao, chungu cha udongo, nyumba ya mabati. Na Nakuru ndiko hasa usikoweza kulichezea neno "mawe". Mtu akisema huko kwamba amejenga nyumba ya mawe, jirani anaona moja kwa moja mawe ya machimbo, lori na gharama.

Mteja wa pili naye ana haki yake. Baada ya neno "rangi", a-unganifu hubadili kazi. Rangi ya maziwa haina hata tone la maziwa, na rangi ya machungwa haikukamuliwa popote. Tunataja weupe ule au wekundu ule wa kimanjano, basi. Kwa hiyo "rangi ya mawe" inasomeka kuwa kijivu, ukuta mzima.

Shauri la ndugu yako silikubali kabisa. Kinachopakwa ni kitu laini kinachotandazwa: mafuta, chokaa, rangi, siagi kwenye mkate. Mawe hayapakwi. Nikisoma "ukuta uliopakwa mawe" nafikiria kokoto zilizochanganywa na saruji zikabandikwa ukutani, na kazi ya namna hiyo ipo.

Tazama mikono yako inavyofanya kazi, vitenzi utavipata hapohapo. Kwanza unapaka rangi ya chini. Kisha unachovya sponji katika rangi nyepesi ya kijivu na kuigongagonga ukutani, mabaka yatokee yasiyolingana. Halafu unachora michirizi ya marumaru kwa brashi nyembamba au unyoya, na kabla haijakauka unaipitishia brashi kavu ili kingo zififie. Mwisho vanishi. Kupaka na kuchora vyote vimo, lakini hakuna kimojawapo kinachotaja lengo lako. Lengo ni kuiga, na hicho ndicho kitenzi ulichokikosa.

Mimi ningeandika "ukuta wa rangi inayoiga mawe". Angalia viambishi, maana hapo ndipo wengi huteleza. "Inayoiga" inapatana na rangi, na ni kweli rangi ndiyo inayoiga. Ukiandika "ukuta wa rangi unaoiga mawe", sarufi haijavunjika, ila sasa mwigaji ni ukuta wenyewe, na neno "rangi" limebaki likining'inia katikati bila kazi. Katika wingi ukuta hugeuka na rangi hubaki: kuta za rangi inayoiga mawe.

"Inayofanana na mawe" pia inaeleweka, lakini kufanana kunaweza kutokea kwa bahati, ilhali kuiga kuna nia na ufundi ndani yake. "Marumaru bandia" iepuke. Neno "bandia" limezoeana mno na noti na dawa, na kazi yako si ya kumdanganya mtu. Ni sanaa ya kale: Warumi wa Pompeii walikuwa na kuta za lipu na rangi zinazoiga vipande vya marumaru kabla volkano ya Vesuvius haijaufukia mji wao mwaka 79 baada ya Kristo.

Jambo moja la kuongeza. Taja jiwe lenyewe kila inapowezekana, kwa sababu "mawe" ni neno pana. Marumaru ina michirizi. Itale (graniti), jiwe la miamba ya Kit Mikayi kule karibu na Kisumu, ina chembechembe. Mawe ya kuchongwa yana viungo vya saruji, na hivyo wewe unavipata kwa kubandika utepe na kuubandua. Basi kwenye makadirio yako andika hivi: "Kupaka ukuta mmoja wa sebule rangi inayoiga marumaru nyeupe yenye michirizi ya kijivu, pamoja na vanishi." Mteja akisoma "kupaka" na "rangi" mwanzoni mwa sentensi, hatasubiri lori la mawe.