We dada wa kitambaa cha Pentekoste, usimpe mama mchungaji tarehe!

Dada weka sindano chini kwanza. Sijamaliza hata kusoma swali lako nimeshaanza kuandika, na wali wangu uko jikoni unaungua, shauri yake.

Yani umepata oda ya kwanza ya kitambaa cha altare, chekundu cha Pentekoste, maneno MTAKATIFU MTAKATIFU MTAKATIFU kwa uzi mweupe, yote kwa mkono, wiki tatu, na mama mchungaji umeshamjibu "haina shida mama". Halafu ndio unakuja kutuuliza uzi upi, ringi (ile duara ya kubania kitambaa) ya ukubwa gani, umchaji bei gani na kama ni dhambi kushona Jumapili baada ya ibada. Mdogo wangu, hilo "haina shida" ndilo lililoniinua kwenye kochi. Hayo mengine tutayaongea.

Tupige hesabu, we si umesema ulisoma biashara. MTAKATIFU ina herufi 9. Mara tatu, 27. Herufi moja ya urefu wa kidole, ukiijaza uzi vizuri bila kuruka ruka, kwa mkono wa mtu ambaye bado anajifunza ni masaa matatu. Usinibishie, najua umeona klipu ya dada anamaliza herufi kwa dakika moja, ile video imekimbizwa. 27 mara 3 ni masaa 81. Wiki tatu ukitoa Jumapili ni siku 18, kwahiyo masaa manne na nusu kila siku, na hapo mtoto hajaumwa, umeme haujakatika, hakuna msiba, na hujafumua hata herufi moja. Utafumua. Herufi ya kwanza lazima ufumue.

Sasa nikwambie yangu ucheke, maana mimi nimeshalia vya kutosha.

2019, Kwaresima ishafika katikati, nikapewa oda ya kitambaa cheupe cha Pasaka. Neno moja tu, AMEFUFUKA, herufi nyekundu, na masuke ya ngano pembeni. Herufi 9, na wewe unazo 27, jiongeze. Nilikuwa ndio kwanza nimetoka kwenye semina moja ya ujasiriamali, yule baba simtaji, alivaa suti ya bluu na kiatu kimechongoka kama sindano, akatuambia mteja akikuuliza lini, taja siku kabla hajafunga mdomo, ukisita kapata fundi mwingine. Tukapiga makofi. Nililipia kiti na chakula kabisa ili nifundishwe kujiua. Yule baba maisha yake yote hajawahi kushika sindano, hata kifungo cha hiyo suti nina uhakika mkewe ndio anashona, lakini mimi nikamwamini yeye nikamwacha Bibi yangu aliyeshona miaka zaidi ya hamsini. Kwahiyo mama mchungaji alivyouliza lini, nikamwambia Jumamosi kabla ya Pasaka, saa nne asubuhi. Na saa nikataja! Kama basi la mkoani.

Kitambaa nikanunua kizuri. Uzi ndio nikabana matumizi. Nikaenda kwenye duka moja, nikakuta mafungu hayana lebo wala namba, nikamuuliza muuzaji huu hauchuji? Akasema hauchuji dada, hata mimi mwenyewe natumia. We muuzaji gani atakwambia unachuja? Nikalipa nikaondoka nimefurahi eti nimeokoa hela.

Nikashona. Nikashona kwenye daladala, nikashona nachochea uji, nikashona usiku na tochi ya simu nimeibana kwa kidevu. Alhamisi Kuu jioni kengele ikalia, watu wanaenda Meza ya Bwana, mimi nimebaki nyumbani nashona kitambaa cha hiyohiyo Meza. Hata sikuona ajabu. Ijumaa Kuu nilienda, lakini mahubiri sikusikia, nilikuwa nahesabu kimoyomoyo zimebaki F, U, K, A. Maana kitambaa kilikuwa kimeishia AMEFU. Mume wangu anapita sebuleni anasoma, "amefu nini sasa, amefunga? amefukuzwa?" Nikamrushia mto. Kumbe jibu sahihi lilikuwa amefulia, na aliyefulia ni mimi.

Jumamosi ya saa nne ikapita. Nimemaliza saa tatu usiku, mama mchungaji kashapiga simu mara tano. Kitambaa kina mistari ya kaboni niliyochorea herufi, kina alama za jasho la vidole, kina duara la ringi kwasababu sikuwa naivua nikilala. Nikasema nikifue haraka. Maji ya vuguvugu, sabuni ya unga, nikaloweka, nikaenda kumwogesha mtoto. Narudi, beseni lote ni juisi ya rozela.

Hapo sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndio kosa lenyewe, lile la kwanza lilikuwa mlango tu. Rangi ikichuja bado kuna nafasi ukikimbilia maji baridi, suuza, mwaga, suuza, mwaga, usiruhusu kikauke, hata kama ni mpaka alfajiri. Maji yatakuja kutoka meupe. Lakini mimi nilikuwa na tarehe! Nikakikamua nikakipiga pasi ya moto kikiwa kibichi ili kikauke niwahi. Pasi ndio inaipika rangi kwenye kitambaa, haitoki tena. Nikaona waridi limetanda kuanzia A ya kwanza mpaka ya mwisho. Nikatia limao. Nikatia jiki. Herufi zikawa rangi ya embe bovu, na kitambaa kikawa njano kama meno ya mvuta sigara. Saa nane usiku, Kristo anakaribia kufufuka, mimi nimekaa chini kwenye sakafu nimekumbatia beseni.

Asubuhi altare ilikuwa na shuka jeupe la nyumbani kwa mama mchungaji, limepigwa pasi vizuri tu. Hakunisema. Baada ya ibada kanikaribisha chai na maandazi, kaniuliza habari za watoto. Jamani bora angenitukana. Nikarudisha advansi yake 90,000, ambayo nilikuwa nimeshaila, kwahiyo nikakopa kwenye kikoba kumlipa, na riba juu. Kitambaa hela yangu, uzi hela yangu, mgongo wangu. Na Pasaka yenyewe sikuiona, wanaimba wamesimama wote mimi nasinzia.

Msianze kuniandikia methali ya haraka haraka hapa chini, hiyo ninayo kwenye khanga, na khanga hiyohiyo ndio nilikuwa nimeivaa ule usiku.

Kinachoniuma ni kwamba dawa niliijua tangu mtoto. Bibi yangu ni wa Machame, Kilimanjaro, kule walikofika wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, 1893, wakaacha shule na nyimbo na somo la sindano kwa wasichana, likarithishwa mama kwa binti. Nyumbani kwake foronya zote zina maua, kochi lina vitambaa, na ukutani BWANA NDIYE MCHUNGAJI WANGU kwa mshono wa mnyororo. Bibi alikuwa kila uzi mpya akinunua, anakata kipande, anakifungia kwenye kitambaa cheupe, anakimwagia maji ya moto, anakiacha mpaka kesho. Kesho yake anakianika. Ndio anajua kama uzi ni mkweli au muongo. Nimemuona akifanya hivyo labda mara mia na mimi nikadhani ni uzee. Af jua likiondoka dirishani jioni anafunga kazi, hashoni na koroboi hata kidogo, anasema macho ni ya Mungu, mafuta ya taa ni ya babu yako. Ukimuuliza itaisha lini anakwambia ikiisha utaiona.

Nikakuta baadaye Isaya 28:16, "yeye aaminiye hatafanya haraka." Mstari huo upo kwenye Biblia yangu miaka yote, na mimi nimekuwa nikiusoma ile sehemu ya jiwe la pembeni tu, hayo maneno ya mwisho nayapita kwa haraka. Ndio, kwa haraka, chekeni.

Na msije mkasema kazi ya Mungu lazima iwahi. Someni kitabu cha Kutoka kuanzia sura ya 35. Hema ile ya ibada ya Waisraeli jangwani ina kazi ya taraza, ndio hiihii yetu ya kudarizi, nyuzi za samawi na zambarau na nyekundu, wanawake wanasokota kwa mikono yao, Bezaleli na Oholiabu wanasimamia. Mnajua amri ya dharura iliyopigiwa mbiu kambini? Kwamba watu WAACHE kuleta vitu, vimezidi. Sura ya 36 hiyo. Musa hakumpigia mtu simu mara tano. (Simu haikuwepo, najua, msinisahihishe.) Hata wale mafundi wa kofia za viua kule Unguja, zile za kudarizi kwa mkono, kofia moja mtu anakaa nayo wiki na wiki, miezi kabisa, na hakuna anayemwambia nataka Ijumaa hii. Sisi Wakristo ndio tumepatwa na nini?

Sasa kanuni yangu ni moja tu na nitaisema mpaka mnizuie: KIPANDE KWANZA, TAREHE BAADAYE. Hutaji siku kwa mteja yeyote, hata awe askofu, mpaka ushone kipande, ukifue, ukianike, ukipige pasi na ukiangalie kesho yake mchana.

Kwako wewe ni hatari kuliko kwangu, kwasababu mimi nilikuwa na uzi mwekundu juu ya kitambaa cheupe, wewe una kitambaa kizima chekundu na uzi mweupe. Rangi ikichuja hapo hakuna kujificha, Utakatifu wote utakuwa wa pinki. Kwahiyo chukua hicho kitambaa chako, kata kona ya kiganja, na kikubwa chenyewe kiloweke chote kabla hujachora hata mstari, maana pamba inarudi ikifuliwa, na ikirudi baada ya kushona herufi zako zitajikunja kama karanga. Ile kona shonea herufi moja, ile M, tena angalia saa unapoanza na unapomaliza, usijidanganye, na choo uhesabu. Loweka kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ileile utakayotumia. Halafu weka kitambaa cheupe kibichi juu yake piga pasi, uone kama kimeshika wekundu. Kikishika, rudisha hicho kitambaa dukani na upige kelele kwa niaba yangu pia. Kisiposhika, yale masaa ya herufi moja zidisha kwa 27, ongeza theluthi ya kufumua na misiba, gawanya kwa masaa ambayo kweli unayo kwa siku. Mimi ninayo moja na nusu tu, asubuhi kabla watoto hawajaamka, naomba kidogo nashona kidogo, na hapo sina simu. Ndio upate tarehe. Nakuhakikishia haitakuwa Pentekoste hii. Itakuwa ya mwakani, na Pentekoste ya mwakani ipo, haijafutwa.

Uzi uliuliza. Nunua wenye lebo na namba, mimi natumia DMC ya Ufaransa, wapo tangu 1746, fungu ni mita 8, uzi mmoja una nyuzi sita ndani, unazitenganisha unatumia mbili au tatu. Kata urefu wa kidole mpaka kiwiko, zaidi ya hapo unajifunga mafundo unaanza kukufuru. Angalizo moja, ukija siku moja kutafuta nyekundu inayowaka, kwao namba yake ni 666, sitanii, nenda kaangalie. Kuna mama kwenye umoja wetu wa wanawake alilirusha fungu kama kaguswa na nyoka. Chukua 321, nayo ni nyekundu nzuri tu na hutaitiwa kikao na wazee wa kanisa.

Kile kitambaa changu ninacho bado, nafunikia mikate. Mwanangu mdogo alijifunzia kusoma hapo, neno lake la kwanza kulisoma peke yake ni AMEFUFUKA, rangi ya embe.

Kwahiyo mpigie mama mchungaji leo, usimtumie meseji, piga, mwambie mama nilikosea kukutajia siku, naomba nishone kipande kwanza. Akikasirika nitafute mimi nimpigie.

Ringi, usiiache kwenye kitambaa usiku. Af kulikuwa na bei, na ile ya Jumapili... hiyo ya Jumapili ni ndefu na wali umeshaungua kabisa nasikia harufu. Na nina kitambaa cha Krismasi nimekiloweka tangu jana, ngoja nikaone maji yana rangi gani.