Mpwa wangu anataka kuweka jina kwenye drafti ya NBA. Je, ndiyo ameacha shule?

SWALI: Habari za kazi. Naandika kutoka Tabata, Dar es Salaam. Mpwa wangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu huko Marekani, anasomeshwa kwa ajili ya mpira wa kikapu, na sekondari pia alimalizia huko huko. Juzi kapiga simu anasema mwezi wa nne anaweka jina kwenye drafti ya NBA. Kuna mtu anayejiita wakala, ameshamtumia mkataba, na anamwambia aachane na vipindi waende wakafanye mazoezi mji mwingine. Dada yangu halali. Je, akiweka jina ndiyo ameacha shule? Asipochaguliwa anarudi? Na visa yake itakuwaje?

JIBU: Mjomba, mwambie dada alale. Kuweka jina kwenye drafti (si ile yetu ya vijiweni ya kusukuma vizibo vya soda, ni ile siku timu za NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, zinapochagua wachezaji wapya) hakumtoi mtoto chuoni. Ni barua tu kwa NBA kwamba anaomba kufikiriwa kabla hajamaliza miaka yake minne. Kinachomzuia kuchezea tena chuo ni kuliacha jina humo mpaka siku ya mwisho ya kulitoa ipite. Siku hiyo ndiyo mnayopaswa kuiandika ukutani.

Kuna tarehe tatu, na kila mwaka husogea kidogo. Mwaka 2025 mwisho wa kuweka jina ulikuwa 26 Aprili, mwisho wa kulitoa kwa anayetaka kurudi kuchezea chuo ulikuwa 28 Mei, na drafti yenyewe ikafanyika 25 na 26 Juni. Tarehe ya katikati ni ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. NBA nayo ina siku yake ya mwisho, inayokuja baadaye karibu na drafti, na hapo ndipo vijana wengi huchanganyikiwa. Akitoa jina kwa kufuata tarehe ya NBA wakati ya NCAA imeshapita, asije akashangaa chuo kikimfungia mlango. Pasipoti yake ya Tanzania haimsaidii hapa. Kwa kanuni za drafti, aliyemaliza sekondari Marekani na kuingia chuo cha huko hahesabiwi kama mchezaji wa kimataifa.

Kwa hiyo swali lako la pili, kama asipochaguliwa anarudi, nakujibu hivi: pangeni kana kwamba harudi. Uamuzi ufanyike kabla ya siku ya kutoa jina. Usiku wa drafti umeshachelewa.

Kati ya Aprili na mwisho wa Mei ndipo anapopima maji, yaani ajue kama timu zinamtaka. Aombe tathmini ya kamati ya NBA inayowashauri wanafunzi. Kocha wake atamsaidia kuiomba, na majibu hueleza anaonekana yuko raundi ipi, au hayupo. Halafu kuna kambi ya vipimo ya Chicago katikati ya Mei, ambako huitwa wachezaji sabini na kitu tu. Nafasi za drafti ni 60 kwa raundi mbili, na mwaka mwingine hupungua timu ikinyang'anywa yake kwa adhabu. Humo humo wamo Wamarekani waliomaliza miaka minne, wamo vijana wa Ulaya na Australia. Kama hakuitwa Chicago, mimi ningemwambia atoe jina jioni ile ile.

Tofauti ya raundi ni tofauti ya maisha. Wa raundi ya kwanza hupata mkataba ambao miaka miwili ya mwanzo analipwa hata akikaa benchi, na hata aliyechaguliwa wa 30 huzidi dola milioni mbili kwa mwaka. Wa raundi ya pili kanuni haimhakikishii chochote, anapata anachoweza kujadiliana. Asiyechaguliwa hutafuta mkataba wa njia mbili, ule wa kupanda na kushuka kati ya NBA na ligi yake ndogo ya G League. Msimu wa 2024/25 mkataba huo ulilipa dola 578,577. Si haba hata kidogo, ila kila timu ina nafasi tatu tu. Akikosa na hiyo, mshahara wa kawaida wa G League ni dola elfu arobaini na kitu kwa msimu, na nyumba za Marekani mnazijua.

Najua hapo Tabata kila mtu atakutajia Hasheem Thabeet. Alitoka chuo cha Connecticut mwaka 2009 akiwa amemaliza mwaka wa tatu, timu ya Memphis wakamchukua wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na Februari 2010 wakampeleka ligi ndogo. Watu husema aliwahi mno kutoka. Sikubaliani nao. Mtu anayejua atachukuliwa ndani ya tano bora akibaki chuoni anacheza kamari na magoti yake mwenyewe. Kilichomkuta uwanjani ni habari nyingine, na misimu mitano ya NBA si kitu cha kubeza. Mfano unaomfaa mpwa wako zaidi ni Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi. Mwaka 2022 alikuwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima, akiokota rebaundi 15 (mipira iliyokosa kikapu) kila mechi, na bado akarudi chuo chake cha Kentucky mwaka mmoja zaidi. Mwaka 2023 akaingia drafti, hakuchaguliwa. Akapata mkataba wa njia mbili timu ya Indiana. Bora wa nchi nzima, na jina lake halikuitwa! Mpwa wako asikie hilo kabla ya kusikia mengine.

Sasa visa, maana hapa ndipo nimeona watoto wakiharibikiwa. Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wa kigeni wanaocheza vyuoni, na kesi inayonirudia ni ya kijana mmoja wa Afrika Mashariki. Aprili alihamia mji mwingine kujifua, kama anavyoambiwa mpwa wako. Hakuaga ofisi ya wanafunzi wa kigeni, hakujiondoa rasmi kwenye masomo, aliacha tu kuingia darasani. Aliponipigia ilikuwa Juni, yuko sakafuni ukumbi wa mazoezi, nasikia mipira inadunda nyuma yake. Nikamwambia afungue barua pepe ya chuo tukiwa kwenye simu. Alikuwa na ujumbe 140 ambao hajausoma. Wa tatu kutoka juu ulisema hadhi yake ya mwanafunzi imefutwa wiki tatu zilizopita.

Visa ya mwanafunzi, F-1, inamtaka asome mzigo kamili, kwa kawaida krediti 12 kwa muhula. Akiaga rasmi na chuo kikaridhia, ana siku 15 za kuondoka Marekani. Akitoroka masomo bila ruhusa, hana hata siku moja. Akimaliza muhula wa Mei vizuri na jina ameshalitoa, kiangazi ni likizo yake halali na Agosti anarudi darasani kama wenzake. Timu ikimsajili, timu ndiyo itakayomwombea visa ya wanamichezo, aghalabu P-1. Asiposajiliwa hakuna wa kumwombea, na huyo wakala hatakuwa na la kufanya.

Kuna jambo jingine ambalo mama yake atalipenda. Tangu mabadiliko ya kanuni za NCAA ya 2018, vyuo vyake vya daraja la kwanza vinatakiwa kumlipia ada na vitabu mchezaji wa kikapu aliyeondoka mapema akirudi kumalizia digrii chuo kile kile, ndani ya miaka kumi, ikiwa hana msaada mwingine. Sharti mojawapo ni awe alisoma miaka miwili kamili kabla ya kuondoka. Mpwa wako yuko mwaka wa pili, Mjomba. Mitihani ya Mei ndiyo inayoikamilisha hiyo miaka miwili. Huyo anayemwambia aachane na vipindi sasa anamnyima visa na digrii kwa pigo moja, pengine bila hata kujua.

Nimwelewe na kijana pia. Wenzake Wamarekani siku hizi hawana haraka. Mwaka 2021 walioweka jina mapema, pamoja na wa kutoka nje, walikuwa 353, mwaka 2025 wakawa 106, kwa sababu chuoni kwenyewe sasa mchezaji anaweza kupata fedha za matangazo ya biashara, na tangu Julai 2025 vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Yeye mwenye F-1 anaziona zikipita puani, maana visa hiyo inabana sana kazi za malipo. Tshiebwe ilibidi afanyie matangazo yake Bahamas, timu ilipokwenda kucheza huko Agosti 2022. Kama mpwa wako anaondoka kwa sababu ya pesa tu, kwanza akaonane na mwanasheria wa uhamiaji. Asisaini tangazo lolote kwa ushauri wa rafiki wa bwenini.

Kuhusu wakala: siku hizi mwanafunzi anaruhusiwa kuwa naye wakati wa kupima maji, akiwa ameshaomba ile tathmini, lakini awe na cheti cha NCAA, makubaliano yawe ya maandishi, na yavunjwe pindi mtoto anaporudi chuoni. Anaweza kumlipia nauli, chakula na malazi ya safari za majaribio. Viatu, simu na hela ya kumtumia mama, hapana. Mwambie kijana aupeleke huo mkataba ofisi ya kanuni ya idara yao ya michezo kabla hajausaini, na amuulize wakala swali moja kwa maandishi: nikitoa jina Mei, nadaiwa nini? Kama jibu ni simu badala ya maandishi, nitumieni kurasa zote za huo mkataba nizisome, hasa ya mwisho.