Boila la vipande lililotumika: lipime kabla halijafunguliwa

Swali: Fundi, nimepata boila la maji ya moto lililotumika, la chuma cha kusubu (chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), lenye vipande 8. Bado limesimama ndani ya jengo linalokarabatiwa. Muuzaji anasema atalifungua mwenyewe na kuniletea vipande, mimi nitafute watu wa kulifunga upya. Amekiri kwamba kipande kimoja "kinatoa jasho" kidogo, ila anadai fundi wa kuchomelea atakiziba kwa dakika chache. Je, ninunue? Na zile pete zinazounganisha vipande, naweza kuzirudisha zilezile?

Jibu: Usimruhusu alifungue kabla hujalipima likiwa limesimama. Akikataa sharti hilo, mlipe bei ya chuma chakavu, si bei ya boila.

Boila lililosimama lina ushahidi wake wote mahali pamoja. Likishakuwa vipande 8 juu ya lori, ufa utakaouona utakuwa na wazazi watatu: maji yaliyoganda ndani yake wakati wa baridi, kabari ya aliyelifungua, au shimo la barabarani. Kila mmoja atamsingizia mwenzake, na chuma kitabaki kwako.

Kipimo chenyewe si kigumu. Litenge na mabomba ya jengo, toa vali ya usalama na geji ya zamani, ziba matundu kwa plagi, kisha funga geji unayoiamini. Jaza maji polepole, tundu la juu kabisa likiwa wazi ili hewa yote itoke. Halafu panda taratibu kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya presha ya juu iliyoandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji: kibati kikisema bar 2, wewe pima kwa bar 3. Kama kibati hakipo au hakisomeki, mimi ningeondoka hapo hapo, maana hata mkaguzi atakiuliza. Likishafika kwenye presha, liache hapo, uzunguke na tochi, uchungulie na ndani ya chumba cha moto. Maji yasiwe baridi mno, kwa sababu chuma kilichopoa kuliko hewa ya chumba hufanya umande, nawe utaudhani ni uvujaji.

Hewa ya kompresa usiitumie hata ukiambiwa ni haraka zaidi. Maji karibu hayabanwi kabisa, hivyo sehemu ikipasuka presha huanguka papo hapo. Hewa iliyobanwa hubeba nguvu nyingi, na chuma cha kusubu hakianzi kwa kupinda: huvunjika na vipande vyake huruka.

Sasa hilo jasho. Kwanza ujue linatoka wapi. Likitoka kwenye maungio kati ya kipande na kipande, ugonjwa ni wa pete, na unatibika. Likitoka kwenye mwili wa kipande, kipande hicho hesabu kimekufa. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kati ya asilimia 2 na 4. Ukikichoma sehemu moja kikapoa, pembeni mwa mchomeleo hubaki ukanda mgumu unaovunjika upesi, na ufa mpya huanzia papo. Wapo mafundi hodari wanaochomelea fremu za mashine kwa kukipasha chuma chote joto kwanza, na kazi inadumu. Lakini kipande cha boila kina moto upande huu na maji upande ule, na hupanuka na kunywea kila kichomeo kinapowaka na kuzima. Ahadi ya "dakika chache" hapa haina thamani.

Wengine watakushauri ukitoe kipande kibovu ufunge 7 vilivyobaki. Hilo linawezekana tu ikiwa mtengenezaji aliwahi kuuza muundo huohuo kwa vipande 7. Idadi ya vipande ndiyo inayopanga urefu wa kitako, fimbo za kubana (zinazoshikilia vipande pamoja), kifuniko cha moshi na nguvu ya kichomeo. Ukiondoa kipande kimoja ukaacha kichomeo kilekile, joto la vipande 8 litabebwa na 7.

Kabla ya kutoa hata shilingi, tafuta pete mpya. Kwa mtengenezaji au muuza spea, kwa jina na namba ya muundo, uliza kama zinapatikana. Maboila ya aina hii huungana kwa njia mbili. Baadhi hutumia nipeli za kusukuma, yaani pete za chuma zilizochongwa zikapungua unene kuelekea kila upande, zinazojikaza ndani ya tundu la kipande hiki na la kipande kile. Mengine hutumia gasketi za mpira. Zote mbili hazirudishwi. Nipeli iliyokwisha kukazwa imeshachukua umbo la tundu lake la zamani, na haitaziba vizuri mara ya pili. Gasketi iliyoiva kwa joto la miaka haina unyumbufu tena. Spea zikikosekana, acha biashara hiyo: kuchongesha nipeli kwa kukadiria ni kutafuta uvujaji kwa pesa yako.

Kulifungua, simamia mwenyewe. Nati za fimbo zilizoshika kutu zikatwe kwa grenda badala ya kupigwa nyundo. Kabari ziingizwe karibu na matundu ya nipeli, juu na chini kwa zamu, kidogo kidogo. Kabari ikitiwa katikati ya kipande, hakitasalimika. Weka alama ya mpangilio kwenye kila kimoja: cha mbele, cha nyuma na vya kati kwa namba. Kama boila ni la zamani, zile kamba nyeupe na plasta ya kuzuia joto zinaweza kuwa na asbesto. Hizo zisiguswe wala kufagiliwa kavu mpaka zipimwe, na zikithibitika ziondolewe na wenye vifaa vya kazi hiyo.

Vipande vikiwa wazi, mulika ndani. Tope na ukoko wa chokaa hukaa zaidi chini, na ukoko mnene huzuia maji kupoza chuma, kikapata joto kupita kiasi. Upande wa moshi sugua masizi yote mapema. Boila lililochoma mafuta likaachwa bila kusafishwa hubaki na salfa, ambayo ikipata unyevu huwa asidi na kukitafuna chuma.

Kufunga upya ndiko kunakohitaji subira. Sakafu iwe imara na kitako kisawazishwe kwa pima maji. Matundu ya nipeli yasafishwe kwa msasa laini kwa kuzungusha, kamwe usipitishe tupa kutoka ndani kuja nje, kwa kuwa kila mkwaruzo wa namna hiyo ni mfereji wa maji. Paka kilainishi alichotaja mtengenezaji, kwa wembamba. Kwa gasketi za mpira, epuka grisi na mafuta ya petroli, kwani aina nyingi za mpira huo huvimba na kuoza zikiyagusa. Nipeli igongwe kwa kipande cha mbao ngumu mpaka ikae wima bila kuinama.

Kisha vuta kipande kimoja kimoja kwa fimbo maalumu za kuvutia, si zile nyembamba zinazobaki kwenye boila. Juu na chini ziende pamoja, zamu kwa zamu. Upande mmoja ukitangulia, nipeli hulala na kukwangua tundu, na hapo umepoteza nipeli na pengine kipande. Ukihisi kimegoma, usiongeze bomba kwenye spana. Kitenganishe uone kulikoni. Mwishoni fimbo za kubana zikazwe kwa kiasi alichoandika mtengenezaji. Katika miundo mingi nati hulegezwa hadi kukazwa kwa vidole, ili chuma kipate nafasi ya kupanuka.

Rudia kile kipimo cha presha ya maji kabla hujafunika boila kwa bati lake. Usimsikilize anayesema jasho la nipeli litajiziba lenyewe likipata moto. Mara nyingine hutokea, ila huwezi kulitegemea.

Vali ya usalama, geji na kikata moto cha maji kupungua (kifaa kinachozima kichomeo maji yakipungua) vyote nunua vipya. Mwite mkaguzi wa maboila pale sheria inapotaka, na mara nyingi hutaka. Ukishaliwasha, hakikisha maji yanayorudi kutoka kwenye mfumo hayabaki chini ya nyuzi 55 za Selsiasi kwa muda mrefu kama unachoma gesi, kwani chini ya hapo mvuke ulio kwenye moshi hugeuka maji yenye asidi juu ya vipande. Siku ya kwanza pandisha joto polepole. Na ikitokea maji yamekwisha boila likiwa la moto, zima kichomeo na ulisubiri lipoe lenyewe hata kama itachukua saa nyingi. Maji baridi yakiingia kwenye chuma cha kusubu chenye joto, kitapasuka.