Fundi wa paneli nataka kuhamia dizaini, nikasome PLC kwanza?

SWALI: Habari za kazi mhandisi. Mimi ni fundi umeme, nina diploma, niko kiwanda cha vinywaji huku Morogoro, kazi yangu kufunga paneli na kutafuta folti (hitilafu). Sasa kuna kampuni wananiita kwenye dizaini ya paneli za kuendesha mitambo, na wenzangu wananiambia nikimbilie PLC (ile kompyuta ndogo inayoendesha mitambo kwa programu) kwanza maana dizaini ndiyo hiyo hiyo. Ni kweli? Na nikienda huko naruhusiwa kujiita injinia? – Fundi, Morogoro

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na hongera kwa kuitwa. PLC uijue, hilo sikatai, ila wenzako wamechanganya mambo mawili. Kuandika programu ya PLC ni kazi moja na kudizaini umeme ni nyingine, hata kama kampuni ndogo zinambebesha mtu mmoja zote. Wewe utakuwa unapiga hesabu ya mzigo, unachagua bireka, kontakta (swichi nzito ya kuwasha na kuzima mota) na saizi ya waya, unapanga vifaa ndani ya paneli, unatoa orodha ya manunuzi, na juu ya yote unachora, kila waya na namba yake na kila terminali na jina lake, maana huo mchoro ndio atakaoushika fundi wa shifti ya usiku laini ikisimama na wewe uko nyumbani umelala.

Swali la kujiuliza kwenye kila mstari unaochora ni hili: hapa pakikatika, mashine itafanya nini? Chukua emajensi stopu. Kontakti yake inakuwa ile inayokaa imefunga, umeme unapita muda wote, ukibonyeza inaachia. Kwa nini? Kwa sababu waya ukichomoka wenyewe mashine inasimama, wakati ungetumia inayokaa wazi waya ungekatika leo na usingejua mpaka siku mtu ananasa mkono kwenye konveya anabonyeza na hakuna kitu. Na stopu hiyo usiiachie programu ya kawaida ya PLC peke yake, ipite kwenye relei ya usalama, swichi maalumu ya kazi hiyo, ikate kontakta moja kwa moja.

Sensa nazo ni hivyo hivyo. Ya kupima kina cha tenki inatuma miliampia 4 tenki likiwa tupu na 20 likijaa. Ingeanzia 0, panya akitafuna kebo PLC ingesoma 0, ingedhani tenki ni tupu, pampu ingeendelea kujaza mpaka maji yanamwagika. Kwa kuanzia 4, ikishuka chini ya hapo inajulikana kebo ina shida na alamu inalia. Wewe haya umeshayaona kwa macho, na hapo ndipo unamzidi kijana aliyetoka chuo na digrii yake.

Joto usilisahau. Inveta, kile kifaa cha kubadili mwendo wa mota, inapoteza kama asilimia 2 hadi 3 ya nguvu yake, kwa hiyo ya kilowati 22 inakutupia kama wati 500 za joto ndani ya boksi lililofungwa, na inveta nyingi ampea zake zimepigiwa hesabu ya hewa ya nyuzi joto 40 kuizunguka. Fikiria hapo Morogoro mwezi wa 12.

Cheo sasa. Kwa Tanzania hujiiti injinia mpaka usajiliwe na ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kwa diploma yako unasajiliwa kama fundi sanifu, kwa hiyo digrii anza kuifikiria mapema.

Wiki hii chagua paneli moja unayoijua vizuri hapo kiwandani, ichore upya yote kwa alama za IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, kwenye programu ya kuchorea kama EPLAN au AutoCAD Electrical au hata kwa penseli, kisha mpe mwenzako ambaye hajawahi kuifungua akutafutie folti kwa huo mchoro tu, pale atakapokwama ndipo pa kurekebisha. Kiwango cha IEC 60204-1 kitafute ukisome pia, ndicho cha umeme wa mashine. Na siku ya intavyuu waulize kama wadizaina wao wanapelekwa saiti kuwasha paneli walizochora, wakikwambia hapana, mimi ningetafuta kampuni nyingine.