Antena na taa katika kifaa kimoja: hataza inalinda nini hasa?

SWALI: Nimeunda kifaa kinachopokea taarifa za vitambuzi kwa masafa ya 868 MHz. Antena yake ni njia ya shaba iliyozungushwa kama pete juu ya bodi ya saketi, na katikati ya pete nimeweka taa za LED za kijani, njano na nyekundu za kuonyesha hali ya kifaa. Njia za umeme za taa zinakatiza antena, lakini nimetia koili ndogo kwenye kila njia na mawasiliano hayapungui taa zikiwaka. Nimetafuta madukani na mtandaoni, sijaona kifaa kama hiki. Wakala mmoja ameniambia kila kitu kinapata hataza, na kwamba ombi la muda litanilinda dunia nzima. Nimeshaweka video fupi mtandaoni. Je, naweza kupata hataza ya antena na muundo wa taa?

JIBU: Tuanze na hiyo "nimetafuta sijaona", maana ndiyo inayopoteza watu wengi kuliko kitu kingine chochote. Mkaguzi wa hataza (patent) haendi dukani. Anafungua hifadhi za maombi ya miaka na miaka, ya lugha mbalimbali, yakiwemo ya vifaa ambavyo havikuwahi kutengenezwa hata kimoja. Hataza iliyokwisha muda au iliyoachwa bila kulipiwa ada inakuangusha sawasawa na iliyo hai.

Na tuseme kifaa chako ni kipya kweli, yaani hakuna hati hata moja yenye sehemu zake zote kwa pamoja. Umevuka sharti la upya tu. Linalofuata ni hatua ya kivumbuzi, na hapo mkaguzi anaruhusiwa kuchukua hati mbili au tatu na kuziunganisha. Moja ina antena ya pete kwenye bodi, nyingine ina LED inayolishwa umeme kupitia koili. Anajiuliza: mhandisi wa redio wa kawaida, mwenye tatizo hilihili na hati hizi mbele yake, angeziunganisha bila kuumiza kichwa? Akiona angeunganisha, "sijaona kama hiki" yako haina pa kusimama.

Kwa antena na taa, mara nyingi ataona hivyo. Antena za simu za mkononi zenye vitaa vilivyomweka kwa nishati ya mawimbi ya simu yenyewe zilikuwa pambo la kawaida miaka ya 2000 mwanzoni. Katika uainishaji wa hataza kuna fungu maalumu, H01Q 1/44, la antena zinazotokana na kitu chenye kazi nyingine. Miongozo ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya hutoa mfano wa mashine ya soseji: kinu cha kusaga nyama kinachojulikana na mashine ya kujazia inayojulikana, zimewekwa bega kwa bega. Kila moja inafanya kazi yake ileile ya zamani, basi hakuna uvumbuzi. Taa inayomulika katikati ya antena inayoshika mawimbi ni soseji hiyohiyo, isipokuwa uonyeshe kwamba kimoja kinabadilisha kazi ya mwenzake.

Kwa hiyo sehemu ya kifaa chako inayostahili kuzungumzwa ni ile uliyoipitia haraka katika swali: koili na mahali zilipo.

Kwenye 868 MHz urefu wa wimbi ni takriban milimita 345, na robo yake ni milimita 86, yaani pete yenye kipenyo kisichofika sentimita tatu. Njia ya shaba ikikatiza pete ya ukubwa huo inashika mkondo wa redio na kuhamisha masafa ambayo antena inaitikia. LED nayo haitulii: ikizimwa ni kama kapasita ndogo (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme), ikiwaka inapitisha umeme kwa urahisi, hivyo antena inaweza kuwa na tabia moja taa ikiwa nyekundu na nyingine zikiwa zimezimwa zote. Koili ya nanohenri 100 ina ukinzani wa takriban omu 545 kwenye masafa hayo, ndiyo maana inazuia. Lakini hilo kila anayebuni bodi za redio analijua. Anajua pia kwamba koili ikipita masafa ya mwangwi wake yenyewe, yaani masafa yake ya asili, inageuka kapasita, kwa hiyo anachagua thamani kwa kusoma karatasi ya data wala habahatishi. Ukiandika dai, yaani sentensi ya ombi inayotaja unachotaka kilindwe, la "koili kwenye njia za taa", litakataliwa katika barua ya kwanza ya mkaguzi.

Dai linaloweza kupona ni lenye matokeo yasiyotarajiwa. Katika antena ya robo wimbi mkondo ni mkubwa mwanzoni, pale inapolishwa, na volteji ni kubwa kwenye ncha iliyo wazi. Mahali njia za taa zinapokatiza si suala dogo. Ikiwa umegundua kwamba zikipita sehemu fulani ya pete koili ndogo mno inatosha, au kwamba njia zenyewe zinaipa antena masafa ya pili, au zinapanua upana wa masafa badala ya kuuharibu, hapo kuna jambo la kuandika. Kama uliweka koili, ikafanya kazi, ukaendelea na shughuli nyingine, umefanya uhandisi mzuri na hakuna hataza.

Utajua kwa kupima, na upimaji huu ufanyike kabla hujamlipa mtu yeyote. Pima S11, yaani kiasi cha nguvu ambacho antena inakirudisha badala ya kukipokea, kwa mashine ya VNA (kichanganuzi cha saketi za redio) taa zikiwa zimezimwa, kisha kila rangi peke yake, kisha zote. Kasha likiwa wazi na likiwa limefungwa, maana plastiki pekee hushusha masafa. Halafu rudia bila koili, na tena koili zikiwa zimesogezwa. Alama ya −10 dB maana yake ni sehemu moja ya kumi ya nguvu inarudi. Usiishie hapo, kwani S11 inadanganya: kipingamizi cha omu 50 kina S11 safi kuliko antena yoyote na hakirushi chochote. Kama njia za taa zinakunywa nishati na kuigeuza joto, mchoro utapendeza huku umbali wa mawasiliano ukipungua. Linganisha nguvu inayopokelewa kwa umbali uleule na mkao uleule. Tofauti ya 3 dB ni nusu ya nguvu. Jedwali la vipimo hivyo ndilo litakalokutetea mbele ya mkaguzi, na linapaswa kuwa ndani ya ombi tangu siku ya kwanza.

Kutafuta nako si kuandika maneno mawili mtandaoni. Ingia Espacenet au PATENTSCOPE, hifadhi za hataza mtandaoni, zote bure, utafute kwa mafungu: H01Q 1/24, 1/38 na 1/44 kwa antena, G08B 5/36 kwa ishara za mwanga. Kumbuka maombi kwa kawaida huchapishwa baada ya miezi 18, kwa hiyo mengi ya mwaka huu hutayaona.

Upande wa taa ni mfupi. Maana ya rangi na mpangilio wa kumweka, nyekundu ni hitilafu na mimweko miwili ni betri kuisha, ni uwasilishaji wa taarifa. Mkataba wa Hataza wa Ulaya unauondoa waziwazi katika yanayohesabika kuwa uvumbuzi. Mwonekano wa nje wa taa hulindwa kwa usajili wa umbo la bidhaa, ambao ni ombi jingine kabisa, kwa picha na michoro. Pete ya antena iliyofichwa ndani ya kasha usiitie humo: umbo lake limeamuliwa na urefu wa wimbi, na umbo linaloamuliwa na kazi ya kiufundi pekee halisajiliki katika Umoja wa Ulaya.

Sasa huyo wakala. Mtu anayesema kila kitu kinapata hataza kabla hajaomba kufungua kasha anauza risiti. Hakuna hataza ya dunia nzima. Ombi la kimataifa chini ya mkataba wa PCT (Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza) linakununulia muda tu, kwa kawaida miezi 30 tangu tarehe ya kwanza ya kuwasilisha, kisha unaingia nchi moja moja au ofisi za kikanda, kila moja na ada zake na mkaguzi wake. Ombi la muda, kama lile la Marekani, halikaguliwi, linakufa baada ya miezi 12 usipolifuatia na ombi kamili, na linalinda tarehe ya yale yaliyoandikwa ndani yake tu. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Wakala anajaza kurasa mbili za sifa na picha moja, mteja anatangaza bidhaa kwa amani, halafu miezi 11 baadaye ndipo thamani za koili na mahali zilipo vinaingizwa kwenye ombi kamili. Sehemu hiyo mpya inapata tarehe mpya, na tangazo la mteja mwenyewe linatumika dhidi yake.

Na si wakala huyo tu. Bado wapo wanaoshauri kujitumia barua iliyofungwa kwa posta ili kuthibitisha ulianza wewe. Tangu Machi 2013 hata Marekani inaangalia nani aliwasilisha kwanza. Wapo na wa "badilisha asilimia 20 tu utakuwa salama". Hakuna sheria ya asilimia, linaloangaliwa ni madai ya hataza. Na hataza yako mwenyewe haikupi ruhusa ya kuuza: inazuia wengine, huku hataza ya mwingine juu ya antena ya pete ikiweza kukuzuia wewe.

Video yako ndiyo ya haraka. Marekani, Japani na Korea Kusini hukupa miezi 12 tangu ulipotangaza mwenyewe, kwa masharti ya kila nchi. Ulaya haikupi hata siku moja kwa video uliyoiweka kwa hiari, na kuiondoa hakurudishi upya. Itazame fremu kwa fremu uandike tarehe na kinachoonekana. Kama kasha lilikuwa limefungwa na hukueleza koili, mpangilio wa ndani bado haujatoka kwa njia hiyo. Lakini kama umeshampa au kumuuzia mtu kifaa bila makubaliano ya siri, hesabu kwamba ndani pia kumeonekana. Umbo la nje la taa limeshatangazwa, na kwa hilo Umoja wa Ulaya una muda wa miezi 12 wa kusajili umbo. Video ya pili, ile ya kuonyesha bodi, isubiri namba ya ombi.