Siti ya ngozi kwa baiskeli ya kukaa wima: niliyopitia mimi mpaka makalio yakatulia

Mkuu, hiyo siti uliyoibonyeza ukaona ngumu kama mbuzi ya kukunia nazi, ugumu wake sio ishu. Ishu ni upana, na upana hujautaja kabisa.

Kwa waliochelewa: jamaa ana baiskeli ya Kijapani ya mtumba, ile ya kikapu mbele na usukani uliopinda kurudi kwako, anakaa wima kama yuko kwenye kiti cha sebuleni, anapiga Kimara mpaka Posta kwenda na kurudi na makalio yanawaka moto. Kapata mtu anamuuzia siti ya ngozi iliyotumika kwa elfu 80, anaogopa. Wadau wengi wamemwambia aweke kava la jeli yaishe. Mimi natoka Tabata naenda Gerezani kila siku ya kazi, kama kilomita 10 kwenda na 10 kurudi, huu mwaka wa nne, na hilo kava la jeli ndo nilianza nalo, kwa hiyo naomba tuelewane hapo kwanza.

Kava la jeli linadanganya dakika 15 za mwanzo. Unakaa unasema aah, nilikuwa wapi siku zote. Ukifika Buguruni unaanza kujisogeza, ukifika Ilala unaendesha umesimama kwenye pedeli kama mtoto. Sababu ni hii: mwili ukikaa unatua kwenye mifupa miwili ya makalioni, ukikalia mikono yako utaisikia. Hiyo mifupa ndo imeumbwa kubeba uzito. Sasa ukiweka kitu laini sana mifupa inazama, sponji inapanda katikati pale pasipo na mfupa, inabana nyama na mishipa na sehemu ambazo mwanaume hataki zibanwe. Ndo ile ganzi. Mimi nilifika kazini siku moja nimeshuka, nimesimama, sisikii kitu huko chini kwa dakika kadhaa, aisee nilitubu.

Nikahamia "ngozi". Naweka alama za mtajo makusudi, maana niliyouziwa mara ya kwanza ilikuwa reksini imebandikwa juu ya plastiki na sponji, muuzaji ananiapia hii ngozi halisi boss. Baada ya miezi miwili ikachanika pembeni na sponji ikatoka njano. Kwa hiyo somo dogo: siti ya ngozi yenyewe ukiigeuza chini unaona UTUPU. Hakuna plastiki, hakuna sponji. Unaona upande wa nyuma wa ngozi, ule wa manyoyamanyoya, unaona reli za chuma, na ngozi imepigwa ripiti mbele puani na nyuma kwenye upinde wa chuma. Ngozi inaning'inia kati ya hizo ncha mbili basi.

Waliolala kitanda cha kamba kwa bibi wameshanielewa. Ni kitu kilekile, imewambwa. Ukikaa inabonyea kidogo na kukupokea, haikusukumi kutoka chini kama sponji. Na kama kitanda cha kamba, ikilegea inavutwa, ndo kazi ya ile bolti iliyojificha chini ya pua.

Sasa hapa kwenye upana ndo nilipoteza hela na muda. Nilisoma sana mtandaoni, kila mtu anaisifia Brooks B17. Hawa Brooks ni Waingereza wa Birmingham, wako tangu 1866 wakitengeneza vifaa vya ngozi vya farasi, na wenyewe wanasimulia kwamba mzee mwanzilishi, John Boultbee Brooks, farasi wake alikufa 1878, akaazima baiskeli ya kwendea kazini, siti ikamtesa mpaka akaapa kutengeneza yake, na 1882 akasajili hataza. Yaani kampuni nzima ya siti imetokana na makalio yaliyouma, mkuu hauko peke yako. Rafiki yangu alikuwa na B17 kwenye baiskeli yake akaniazima wiki tatu. Nikaifunga kwa heshima zote. Siku ya tatu nyama ya makalio ilikuwa na michirizi miwili myekundu kama nimekaa kwenye ukingo wa sufuria.

Kumbe B17 haina kosa lolote, kosa langu mimi na usukani wangu. Yule rafiki anaendesha ameinama, mikono chini. Ukiinama nyonga inabingirika mbele, uzito unagawana na mikono na miguu, na unakalia sehemu ya mifupa iliyo nyembamba. Sisi tunaokaa wima nyonga inarudi nyuma, tunakalia ile sehemu pana, na karibu uzito wote unashuka kwenye siti, mikono imeshika usukani tu kama imeshika kikombe cha chai. B17 ina upana wa milimita 170 na kitu. Mimi mifupa yangu ilikuwa inatua pembeni kabisa, juu ya ule upinde wa chuma wa nyuma badala ya katikati ya ngozi. Siti ya ngozi sehemu inayobonyea ni ya ndani tu, ukingo wa nyuma una chuma chini, ukikaa kwenye chuma hata uendeshe miaka 10 haitalainika.

Kujipima ni rahisi mpaka unacheka. Chukua kipande cha boksi, lile la mawimbi ndani, weka kwenye ngazi ya nje au kigoda kigumu, kalia umenyooka wima hivyohivyo unavyoendesha, nyanyua visigino kidogo, kaa dakika moja. Mke wangu alinikuta nimekaa kwenye boksi la televisheni barazani saa 12 asubuhi akauliza kama nataga. Ukiinuka utaona vishimo viwili, kama havionekani vizuri sugua chaki au mkaa juu yake vitajitokeza. Pima katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Mimi nilipata sentimita 13. Kwa siti ya ngozi na kukaa wima mimi naongeza sentimita 6 mpaka 7, nikapata 19 au 20. Yaani B17 ilikuwa haiwezekani tangu mwanzo na ningejua kwa boksi la bure.

Kwa hao hao Brooks siti ya watu wa wima inaitwa B67, upana unavuka milimita 200 na ina springi mbili nyuma. Kaka yake wa zamani ni B66, umbo lilelile ila reli zake ni nne, mbili mbili kila upande, zinataka klempu ya kizamani, yaani kile chuma kinachobana reli za siti kwenye bomba. Hilo uliangalie sana mkuu, kama ya huyo anayekuuzia ina reli nne na bomba lako la siti ni la kisasa lenye kichwa cha kushika reli mbili, haifungi. Bahati nzuri baiskeli nyingi za Kijapani za kikapu zina bomba lililonyooka juu na klempu inayovalishwa, hapo unabadilisha klempu tu kwa fundi. Waholanzi nao wana Lepper, nao ni mabingwa wa siti pana maana nchi nzima inaendesha imekaa wima. Mpya kutoka nje sikushauri kama hela inauma, B67 inavuka paundi 100 kabla hujagusa usafiri na ushuru.

Springi watu wanazicheka eti za babu. Ukikaa wima mgongo umenyooka kama mchi, kila shimo linapanda moja kwa moja mpaka kisogoni, huna viwiko vya kupunguza. Kwa njia zetu za ndani huku Tabata, matuta kila nyumba ya tatu, springi sio pambo. Ila zilainishe kwa grisi kidogo pale zinapokutana na bolti la sivyo zitalia kama kitanda cha gesti.

Ya kwangu niliipata imetupwa kwenye lundo la vyuma kwa muuza baiskeli za mtumba Kariakoo, pana, springi mbili, ngozi imekauka imekuwa nyeupe kwa vumbi. Elfu 45 baada ya kubishana sana. Nikaifuta kwa kitambaa chenye unyevu, ikakaa kivulini siku mbili, nikapaka mchanganyiko wangu: mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na nta ya nyuki kidogo, ile ya Tabora, kwa moto mdogo kabisa. Ile dawa ya dukani ya Brooks inaitwa Proofide nayo kimsingi ni mafuta ya mnyama na nta na mafuta mengine. Paka kidogo juu, chini paka zaidi kwa sababu huko ngozi iko wazi inakunywa. Usipake mafuta ya kupikia na usipake oili chafu, nimeona mtu kaloweka siti kwenye oili ya gari usiku kucha, asubuhi imekuwa kama ulimi.

Wiki mbili za mwanzo ilikuwa ngumu kweli, sitadanganya. Wiki ya tatu nikaanza kusahau. Kama wiki ya tano nikaiangalia kwa upande jua likiwa limelala, naona vibonyeo viwili vya duara, vya kwangu mimi, ukimpandisha mtu mwingine anasema siti yako mbaya. Toka hapo nimeacha kuwaza makalio, nawaza bodaboda tu.

Ukiifunga usiiweke sawa kabisa kama ya sponji, inyanyue pua kidogo sana. Ngozi inabonyea katikati kwa hiyo ikiwa sawa unateleza mbele na mikono inachoka kwa kujizuia. Ukizidisha pua juu unarudi kwenye ganzi. Mimi nilihangaika jioni tatu na spana, kidogo juu, zunguka mtaa, kidogo chini, zunguka tena, majirani wakajua nimepoteza kitu.

Mambo ya Dar sasa. Jasho na mvua. Ngozi ikilowa haina shida kubwa, shida ni KUIKALIA ikiwa imelowa chepechepe, hapo ndo inavutika na kulegea moja kwa moja. Masika ya kwanza niliiacha baiskeli nje ya ofisi, mvua ikapiga saa mbili nzima, nikapanda hivyohivyo mpaka nyumbani, kesho yake siti imeshuka katikati kama chandarua na mashavu ya pembeni yametanuka yananisugua mapaja. Nikavuta bolti ya puani robo mzunguko, nikaishia hapo, maana ukivuta kwa hasira ngozi inachanika kwenye ripiti. Mashavu nikampelekea fundi viatu, akatoboa kwa msharasi matundu manne kila upande kwa chini, tukafunga kwa kamba ya kiatu kutoka upande huu kwenda huu kama unafunga raba. Elfu 3. Siti ikarudi kuwa na kiuno.

Tangu hapo natembea na kofia ya kuogea ya saluni mfukoni, mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na kofia ina lastiki inashika vizuri zaidi. Na hakikisha una madigadi ya nyuma, maji mengine yanatoka chini kwenye tairi na huko chini ndo ngozi haina kinga. Ikilowa ianike kivulini penye upepo, sio juani wala karibu na jiko. Ikikaa stoo bila hewa inaota ukungu, unafuta tu, unapaka mafuta tena.

Halafu rangi. Ijumaa moja nilitoka kazini nikapitia msikitini na kanzu nyeupe, nimependeza, kumbe nimepaka mafuta jana yake. Mzee wa safu ya nyuma akanigusa bega baada ya swala akanionyesha: duara mbili za kahawia makalioni, saizi ya sahani za kikombe. Ukipaka, futa sana kwa kitambaa kikavu na usivae nyeupe siku mbili tatu.

Dada zetu wanaosoma hapa, mifupa ya kukalia ya wanawake kwa kawaida iko mbali zaidi kuliko yetu, kwa hiyo boksi ni lazima zaidi kwenu. Zipo zenye pua fupi, B67 ya namna hiyo ina herufi S mwishoni, gauni na kanga havinasi.

Wizi: siti ya ngozi inang'olewa na spana moja ndani ya dakika. Mimi nimechukua cheni kuukuu ya baiskeli, nikaivisha tyubu isichubue rangi, nikaipitisha kwenye reli na fremu, fundi akaifunga pini. Ngozi yenyewe haijaguswa mpaka leo, kengele nimeibiwa mbili.

Sasa ya huyo muuzaji wako wa elfu 80. Nenda na futi kamba ya fundi cherehani na spana 13 na 14. Pima sehemu pana ya nyuma. Igeuze, angalia kuzunguka ripiti kama kuna nyufa, nyufa za juu za ukavu zinavumilika ila ufa unaoanzia kwenye ripiti achana nayo. Itazame kwa nyuma kama imelala upande mmoja, maana hapo ndo umeletewa makalio ya mtu mwingine. Angalia bolti ya puani kama bado ina nyuzi za kuvutia au imeshavutwa mpaka mwisho, na kama inazunguka au imeshikwa na kutu. Hesabu reli. Kama vyote viko sawa anzia elfu 50.

Ila boksi kwanza mkuu, leo jioni, halafu leta namba hapa tuone.