Kabla hujanakili deki ya zamani, jua ilishinda kwa nini

Wadogo zangu mlioingia kwenye Magic: The Gathering, mchezo huu wetu wa karata, miaka hii ya karibuni, nawapenda, na mnanichosha. Kila wiki namwona mmoja wenu anakaa mezani na orodha aliyoitoa mtandaoni, karata 60 zote sahihi, halafu anaicheza kinyume. Kashika deki nyekundu ya kushambulia, viumbe wake wamebaki nyuma wanalinda. Mwenzake ana deki ya kudhibiti, naye anakimbilia kumaliza mchezo zamu ya nne. Orodha inakwambia uweke nini. Haikwambii deki ile iliundwa kutatua tatizo gani, na matatizo hayo yalitatuliwa kabla wengi wenu hamjazaliwa.

1. Anzeni na The Deck ya Brian Weissman, ya katikati ya miaka ya 1990. Wakati wengine wanajaza viumbe, yeye alitegemea Serra Angel wawili wamalizie kazi, na nafasi karibu zote zilizobaki akazipa karata za kuzuia, kuua na kuvuta. Mpinzani aliyekuja na karata za kuulia viumbe alikaa nazo mkononi hazina pa kwenda. Moat iliwafunga viumbe wasioruka, Disrupting Scepter ikamtupisha zile chache alizobakiwa nazo, na hapo Serra akashuka bila haraka. Kabla hujajiuliza utashinda lini, hesabu nani ana karata nyingi zenye kazi.

2. Sligh. Mwaka 1996 Paul Sligh alishika nafasi ya pili kwenye mashindano ya kufuzu huko Atlanta, kwa deki nyekundu iliyobuniwa na Jay Schneider. Ndani yake kulikuwa na Ironclaw Orcs, kiumbe wa mana 2 (mana ndiyo nishati ya kulipia karata, inatoka kwenye ardhi) mwenye nguvu 2, asiyeweza kumzuia kiumbe yeyote mwenye nguvu 2 au zaidi. Ukimtazama peke yake ni karata ya kutupa. Lakini deki ile haikuwa na mpango wa kuzuia, kwa hiyo kasoro yake haikuigharimu chochote. Schneider alipanga bei za karata ili kila zamu mana yote itumike. Basi nyie mnaoongeza karata tatu za mana 6 kwenye deki ya namna hii kwa sababu "zina nguvu", ziondoeni leo.

3. Uhai ni fedha ya kutumia. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mnapoumia zaidi.

Necropotence ilitoka na seti ya Ice Age mwaka 1995. Kwa mana nyeusi 3, unapoteza haki ya kuvuta karata kila zamu. Badala yake unalipa uhai, pointi moja kwa karata moja, na karata hizo unazipata mwisho wa zamu yako. Wachezaji wengi waliisoma wakaiweka kando. Waliona mambo mawili tu: kuacha kuvuta, na kujiumiza mwenyewe. Kila mtu alianza na uhai 20 na aliulinda kama akiba ya uzeeni, wakati anayebaki na pointi 1 ameshinda sawasawa na anayebaki na 20.

Waliofanya hesabu waliona kitu kingine. Zamu ya kwanza ardhi moja nyeusi, Dark Ritual inayogeuza mana moja nyeusi kuwa tatu, Necropotence mezani, na mkono unajaa tena mpinzani akiwa bado na ardhi moja. Hymn to Tourach inamnyang'anya karata mbili, Nevinyrral's Disk inafagia meza, Drain Life inarudisha uhai uliotumika. Februari 1996, kwenye Pro Tour (mashindano makubwa ya Magic) ya kwanza kabisa huko New York, Leon Lindbäck aliingia nane bora na deki ya aina hiyo. Kufikia katikati ya mwaka deki hizo zilitawala kiasi kwamba msimu ule unaitwa Kiangazi Cheusi mpaka leo. Karata yenyewe haikuwa imebadilika hata herufi. Waliikosea kwa sababu walisoma gharama wakaishia hapo.

Nanyi mnafanya vilevile. Juzi kijana mmoja aliingiza ardhi yake ikiwa imelala, yaani haitoi mana zamu hiyo, ili asilipe uhai 2, akakosa mana ya kutupa Thoughtseize zamu ya kwanza, na karata ambayo angemnyang'anya mpinzani ndiyo iliyommaliza. Alikufa na uhai wake mwingi alioutunza. Nilimwonea huruma kweli, ni mwanafunzi mzuri. Ila angalieni pia upande wa pili: mbele ya Sligh mwenye Lightning Bolt, inayoondoa uhai 3, kila pointi ni theluthi ya Bolt, na mwenye Necropotence aliyelipa bila kupima alijichimbia. Bei ya uhai inategemea nani amekaa mbele yako.

4. Jua wewe ni nani mezani. Mwandishi wa Magic Mike Flores aliliandika hili vizuri mwaka 1999: deki mbili zinapokutana, mmoja lazima ashambulie na mwingine ajilinde, na anayekosea nafasi yake anapoteza. Deki nyekundu ikikutana na nyekundu yenye kasi zaidi, wewe ndiye mlinzi, hata kama hupendi.

5. Andika orodha yako kwa makini kabla ya mashindano. Tom Chanpheng, fainali za dunia 1996, alisahau kuandika Adarkar Wastes zake nne, ardhi za mana nyeupe au buluu, akalazimika kucheza na Plains, zinazotoa nyeupe tu, na Sleight of Mind yake ya buluu ikakosa mana ya kuitoa. Alichukua ubingwa hata hivyo, kwa sababu deki yake ya viumbe weupe wadogo ilijitosheleza. Deki zenu za rangi tatu hazitawasamehe.

Wiki ijayo leteni Sligh na Necropotence, za kuchapisha karatasini zinatosha. Mtacheza michezo mitano, mbadilishane viti, mcheze mitano mingine. Kila mnapolipa uhai, semeni kwa sauti mmenunua nini.